Wimbo Ambao Kasiani Hakuuomba

Wanaume waliokuwa ukumbini Newala Jumamosi ile hawaelewani mpaka leo. Mmoja atakwambia umeme ulikatika, mwingine ataapa kwamba aliingia nyoka. Umeme haukukatika, na nyoka hakuwepo. Filamu ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, watu wametulia, na ghafla wanawake wakasimama. Hawakusimama mmoja mmoja, walisimama kwa mkupuo, wazee kwa vijana, mwenye mtoto mgongoni na mwenye mkongojo, wakakaza khanga viunoni na kutoka nje bila neno. Wakabaki wanaume wakitazamana, na watoto, na binti aliyeileta filamu, na muuguzi mmoja mgeni kutoka Moshi aliyekuwa anauliza kulikoni. Akabaki pia mwanamke mmoja wa pale pale nyumbani, mzee, mstari wa mbele, ameganda kitini.

Yule aliyeganda ni Dominika. Na muziki uliowatoa wenzake ulikuwa wa mdogo wake, Kasiani Nandonde, ambaye dakika ile alikuwa amesimama ukutani na suti yake ya kijivu, anangoja kupigiwa makofi.

Tuanzie alikotoka, maana ukianza na aibu ya mtu hutamjua.

Kasiani hakumjua mama yake. Mama alifariki mtoto hajaota hata jino, kijijini kwao upande wa Kitangari, na baba akaenda kuoa kwingine, kama wanavyofanya. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo akabaki na dada yake. Na huyo dada mwenyewe alikuwa nani? Binti wa miaka kumi na mitatu, ndiyo kwanza ametoka kuchezwa unyago. Wenzake wanapita na khanga mpya wakisifiwa, yeye anapita na kichanga mgongoni. Alikwenda naye shambani, alikwenda naye kuchota maji, na maji ya Newala si ya kuchezea: unateremka bondeni mpaka magoti yanalegea, halafu unapanda na ndoo kichwani. Njia nzima alikuwa anamwimbia wimbo mmoja tu, midomo imefumbwa, bila maneno, puani. Kasiani aliukulia wimbo ule. Aliamini kwamba ulikuwa wa mama yake, na kwamba dada aliurithi kwa marehemu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Alisoma misheni Lukuledi, na huko ndiko alikoshika tarumbeta kwa mara ya kwanza. Alipomaliza, akateremka Masasi na kuingia katika bendi ya dansi, Mtandi Jazz, iliyokuwa chini ya Cuthbert, jamaa mmoja mnene mwenye maneno mengi. Kuimba Kasiani hakuweza, sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Tarumbeta yenyewe aliipiga ya kawaida tu. Kazi aliyopewa na Mungu ilikuwa kupanga. Ulete wimbo wowote, atafumba macho kidogo, halafu ataanza kugawa: anamwimbia mpiga solo sikioni, anamfuata wa besi, anawaendea wa tarumbeta, kila mmoja anapewa chake bila karatasi. Kisha anasema, "Haya, pamoja." Wimbo uliokuwa wa bibi mmoja na kinu chake unatoka na watu kumi ndani yake, na ukumbi mzima unainuka.

Nyimbo alizitoa huko huko vijijini. Kulikuwa na wa kutwanga, wa kumcheka mkwe mlafi, wa kusindikiza maiti. Lakini alikuwa na adabu moja iliyomtofautisha na wanamuziki wengi, maana wengi, tuseme ukweli, ni wezi tu. Kasiani hakuchukua wimbo bila kuuomba. Atapanda baiskeli mpaka Lisekese, mpaka Chidya, jogoo amefungwa kwenye usukani, amtafute mwenye wimbo hadi ampate, aseme, "Bibi, wimbo wako nimeupenda. Naomba niuvalishe suruali." Akikataliwa anaaga vizuri na jogoo anamwacha.

Cuthbert alikuwa anamcheka. "Wewe Kasi, wimbo ni korosho iliyoanguka njiani. Okota, twende."

"Hata iliyoanguka njiani ina mti wake," Kasiani anajibu.

Basi bendi zikafa. Usiulize zilikufaje, zilikufa kama zilivyokufa kila mahali, vyombo vikauzwa kimoja kimoja, Cuthbert akazikwa. Kasiani akaenda kuishi kwenye mikorosho yake Lisekese, jirani na Masasi. Mkewe akafariki, watoto wakaenda Dar es Salaam, yeye akabaki na kinanda cha kanisani siku za Jumapili. Alishajiona wa kumalizikia hapo.

Ndipo akaja Huruma. Huyu ni binti wa Newala, ila alikulia Dar kwa shangazi yake; hakuchezwa unyago, na Kimakonde chake ni cha kuombea maji ya kunywa. Anatengeneza filamu. Alisikia kaseti kuukuu ya Mtandi Jazz kwa baba yake, akauliza nani aliyepanga ule muziki, akaambiwa bado yu hai. Akamkuta anakausha korosho uani.

"Babu, nataka unitungie muziki wa filamu."

"Watacheza wapi?"

"Hawachezi. Wanakaa wanatazama."

Kasiani akadhani anataniwa. Muziki usiochezwa! Maisha yake yote kipimo kilikuwa kimoja: je, watu wameinuka? Sasa anaambiwa atunge muziki wa watu waliokaa. Lakini akajaribu. Huruma akamwekea picha kwenye kompyuta, na mzee akafumba macho, akafumbua, akaanza kugawa kama zamani. Safari hii aliyepewa chake hakuwa mpiga solo. Alikuwa mlango unaofungwa, au mwanamke anayegeuka. Alimpangia mlango besi, na yule mwanamke akampa tarumbeta moja ya mbali. Filamu ya kwanza ilipotoka, watu walilia, na hawakujua kwa nini. Ya pili ikampatia simu kutoka kwa watu wa Dar ambao hajawahi kuwaona. Mzee wa mikorosho, akiwa na zaidi ya miaka sitini, akawa mtunzi wa muziki wa filamu. Watu wa Masasi hawakuamini, na yeye mwenyewe aliamini kwa taabu.

Filamu ya tatu ndiyo iliyotuletea balaa. Huruma alikuwa amemdodosa mzee habari za utoto wake, akatunga kisa cha binti yatima anayemlea mdogo wake. Kulikuwa na sehemu ambayo binti anapanda kilima, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, haongei.

"Hapa nataka kitu kidogo tu, babu."

"Kipo," Kasiani akasema.

Wimbo ule alikuwa hajawahi kuugusa. Miaka yote ya bendi aliuweka kando, hakutaka uchezewe na walevi. Sasa akautoa. Akampa yule binti tarumbeta iliyozibwa mdomo, polepole, halafu sauti ya mwanamke ikiguna puani, kama dada yake alivyofanya. Jogoo hakumfunga popote wala hakumwendea mtu yeyote. Amwombe nani? Mali ya mama ni ya mwana. Wimbo mmoja katika maisha yake yote ambao hakuuomba, ndio huo.

Akaona ionyeshwe kwanza Newala, kwa heshima ya Dominika. Wakati huo dada yake alikuwa nyakanga, yaani kungwi mkuu anayewaongoza mabinti unyagoni, na wali wa msimu ule, mabinti wenyewe, walikuwa wameshaingia ndani, mjukuu wake Ziada akiwa mmoja wao. Aliwaachia wasaidizi kwa saa chache, akavaa kitenge kipya, akaketi mbele kabisa. Kasiani alikuwa anamtazama yeye zaidi kuliko filamu. Alitaka kuuona uso wake wimbo utakapoingia.

Aliuona. Tarumbeta ilipolia tu, uso ulikauka. Sauti ya mwanamke ilipofuata, mstari wa pili akasimama Bibi Somoe, nyakanga mkubwa kuliko wote Newala, mwanamke mfupi ambaye hata mwenyekiti wa kijiji humpisha njia. Hakugeuka nyuma kuangalia kama anafuatwa. Alijua atafuatwa.

Kasiani alibaki ukutani. Mikono yake ilikuwa bado tayari kwa kupungia watu. Huruma alikuja mbio akimuuliza wamekasirikia nini, na yeye mwenyewe hakujua. Akangoja ukumbi uishe watu, akamfuata dada yake nyuma ya jengo, kwenye matangi ya maji, akamkuta ameshika ukuta.

"Dada, nimekosa nini?"

"Ule wimbo nani alikwambia ni wa mtoto?"

"Si wa mama ule? Si ulikuwa unaniimbia?"

"Wa mama?" Dominika akakaa chini, pale pale kwenye tope la tangi. "Kasi, ule ni wa ndani. Wa unyagoni. Hauimbwi nje, hauimbwi mbele ya mwanamume, na mwanamume akiusikia ni sisi tuliokosea. Mimi nilikuwa nimetoka ndani juzi. Mama kafa, wewe unalia usiku na mchana, na mimi wimbo wa mtoto sijui hata mmoja. Nani angenifundisha? Nilikuwa na huo tu kichwani. Maneno niliyaacha. Nikasema, kichanga hiki hakitakumbuka."

Mwanamume aliyepita jando anajua kitu cha ndani ni nini. Wanaume wana vyao, na angemshangaa sana mtu ambaye angevipiga tarumbeta ukumbini. Na yeye ndicho alichofanya, tena kwa suti.

"Watataka kujua nani aliutoa," Dominika akasema. "Na nyakanga aliyetoa kitu anavuliwa cheo. Mimi nivuliwe tu, nimezeeka. Lakini wale watoto wako ndani. Aliyewaingiza ndiye awatoe. Nikivuliwa kesho watatoka nusu, Kasi. Ziada atatoka nusu. Kila atakakoolewa ataambiwa hakuchezwa akaisha."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kasiani hakulala.

Jumapili, watu walipotoka kanisani na msikitini kukiwa kimya, akaitwa kwa Bibi Somoe. Mwanamume haingii ua ule. Alisimamishwa nje ya uzio wa mabua, na wanawake wamejaa ndani wamekaa chini. Dominika yuko kati yao. Somoe alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, hata kisu hakukiweka chini.

"Mwana wa Nandonde. Ulichotupigia jana umekipata kwa nani?"

Alikuwa amejiandaa. "Sikupewa na mtu. Nilichungulia. Nilikuwa mdogo, nilijificha kwenye mihogo nyuma ya banda, nikasikia."

Mguno ulipita uani. Dominika aliinua kichwa, mdomo wazi, kama aliyepigwa kofi. Hawakuwa wamepanga. Kasiani hakumwambia, kwa sababu alijua angemkataza.

Somoe akaendelea kumenya. "Ulichungulia."

"Ndiyo, bibi."

"Basi hukumu ya mwanamume huitoa nyakanga wa ukoo wake. Dominika, simama."

Hilo Kasiani hakulifikiria. Jamani, mtu alipiga hesabu zake zote, akaona adhabu, akaona aibu, hakuona kwamba atakayeitamka ni yule aliyembeba. Akamtazama dada yake akiinuka kwa kujisukuma na magoti. Akajua atalia, atasema uongo ni uongo. Moyoni, tusimfiche, kuna mahali alikuwa anaomba aseme hivyo.

Dominika akanyoosha khanga yake. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Kasiani ametuchungulia. Kuanzia leo mwanamke wa ukoo wetu na wa Newala hataitikia salamu yake. Hatampa maji. Na siku atakapokufa, wanawake hatutamlilia wala kumwimbia. Wanaume watamzika wenyewe, kimya." Halafu akakaa.

Kasiani alikuwa amejitolea, sawa, lakini hakutegemea kisu kiingie kwa urahisi namna ile. Mtu wa muziki, siku yake ya mwisho anaambiwa hakuna wimbo! Na anayemwambia ni dada yake, macho makavu. Kabla ya kuondoka akamwamkia kama alivyomwamkia tangu alipojua kusema: "Shikamoo, dada." Dominika akatazama ming'oko ya Somoe.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Ukisikia mtu anasema salamu ni maneno matupu, mwambie akae bila kuitikiwa. Hukumu ya Newala iliteremka mpaka Masasi kwa pikipiki. Mama muuza maandazi aliyekuwa anamtania kila asubuhi akawa anamwekea maandazi juu ya gogo na kugeuka. Kwaya yake kanisani ikaimba vizuri, ikimfuata kinanda bila kosa, na ibada ikiisha kina mama wanapita mbele yake kana kwamba kinanda kilijipiga chenyewe. Kila alipopanda Newala alimwamkia dada yake kutoka barabarani. Hakuitikiwa. Mara ya mwisho Dominika alikuwa anafagia, na aliposikia shikamoo akaongeza kasi ya ufagio. Kasiani akaacha kwenda.

Huruma alilia alipoelezwa. Akaufuta wimbo kwenye filamu, na kwa kuwa mzee alikataa katakata kutunga mwingine, ile sehemu ya kilima ikabaki tupu, hakuna sauti ila pumzi za binti na maji yakitikisika ndooni. Ikaenda Dar hivyo. Na unajua waliisifia nini? Ule ukimya. Simu zikamiminika: mzee Nandonde, ule uamuzi wa kunyamaza pale kilimani, hakuna mtunzi mwingine angethubutu. Walimwita fundi. Kasiani alizisikiliza sifa zile akiwa amekaa peke yake na korosho zake, akashindwa acheke au atukane.

Wali wakatoka. Alisikia habari tu, kwamba Ziada alipendeza, kwamba sherehe ilikuwa kubwa, kwamba nyakanga wao alicheza mpaka vumbi likampanda kichwani. Alifurahi. Alikasirika pia, na hasira ndiyo ilikaa zaidi.

Siku chache baadaye pikipiki ikasimama Lisekese mbele ya nyumba yake. Dominika akateremka taratibu, mzigo mmoja wa nguo mkononi, akaja akakaa kwenye kigoda bila kubisha hodi. Kasiani hakufungua mdomo. Alishachoka kutoa salamu zinazoanguka chini.

"Nimetoka kwa Somoe," Dominika akasema. "Nimemwambia wimbo niliutoa mimi. Nimemwambia hukuchungulia kitu."

"Ukamwambia!"

"Wali wametoka wazima. Sikuwa na cha kungojea tena."

"Akasemaje?"

Dominika alicheka kidogo, cheko kavu. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Akaniambia, 'Tulijua tangu ukumbini. Wote tulisimama, wewe ukakaa. Asiyesimama ndiye aliyeutoa.' Miguu yangu ilinikatalia siku ile, Kasi. Ndiyo iliyonisema."

Kasiani alimtazama. "Walijua? Bibi Somoe alijua? Mama wa maandazi alijua?"

"Wote."

"Na wakakaa wananigeuzia migongo miezi yote hii, wanajua ni uongo?"

"Walihitaji nyakanga mpaka wali watoke, na wewe ulikuja mwenyewe na mzigo kichwani. Nani angekutua?"

Alisimama, akazunguka ua, akalipiga teke beseni la korosho likamwagika lote. Hajawahi kufanya hivyo maishani. Kisha akarudi akasimama mbele ya dada yake. "Basi sasa hukumu yangu itafutwa."

"Haifutwi. Mate ukishayatema huyarambi. Nimemwomba Somoe, nimepiga magoti, amekataa. Iliyotamkwa imetamkwa."

"Na wewe? Wamekufanya nini?"

"Wamenivua. Na nimepewa hiyo hiyo ya kwako. Somoe ameitamka neno kwa neno, kama nilivyoisema mimi. Haniitikii mtu, hanipi maji mtu, na nikifa hakuna wa kuniimbia." Akautazama mzigo wake wa nguo. "Hata Ziada asubuhi hii amenipita. Kafundishwa vizuri yule mtoto. Nimemfundisha mwenyewe."

Kasiani alitafuta neno. Kichwani mwake, alikozoea kumgawia kila mtu sehemu yake, hakukuwa na kitu. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Mbele yake alikuwa mwanamke mzee mwenye vumbi la barabara kwenye nyusi, hana kwao pengine. Basi akasema lile analosema mdogo kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Dominika akasema. "Marahaba, Kasi. Na ya barabarani, marahaba. Na ile ya ufagio, marahaba."

Halafu akainama, akaanza kumsaidia kuokota korosho.